Kero Ndogo na Watu Walioitwa Madoadoa

Masomo: Mathayo 13:24-30 na Matendo ya Mitume 6:1-7



Mwezi uliopita wazee wa kanisa waliwaomba washirika waandike mahitaji yao ya maombi kwenye vikaratasi, bila kutaja majina. Tulitarajia yale tuliyoyazoea: magonjwa, karo, watoto waliobaki nyumbani, maombi ya kupelekwa nchi ya tatu yasiyojibiwa. Hayo yote yalikuwemo na tunaendelea kuyaombea. Lakini vikaratasi vingi vilikuwa vya namna nyingine. Jogoo wa jirani anayewika saa tatu usiku. Mbuzi aliyekula mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai. Sufuria iliyoazimwa ikarudi na masizi hata kwa ndani. Kijana anayepanga mitungi minne kisimani kwa niaba ya watu ambao bado wamelala. Moshi wa kuni mbichi. Redio. Kimoja kilikuwa na maneno matatu tu: "Bwana, niondolee jirani."

Tuliosoma tulicheka. Baadaye mzee mmoja akauliza tuviweke wapi, maana kwenye orodha ya wagonjwa havikai na kuvitupa si vizuri. Nimeona nivijibu hapa, kwenye ukurasa huu, kwa sababu naamini vikaratasi hivi vina jambo zito kuliko vinavyoonekana.

Kwanza, aliyeandika asione haya. Mungu aliyehesabu nywele za kichwa chako hachoki kusikia habari ya jogoo. Tena mimi nadhani mkimbizi ana sababu ya kuumizwa na vitu vidogo kuliko watu wengine. Mmewaona ndugu walioacha shamba, nyumba, duka na makaburi ya wazazi wao, na hawakulia. Walikaa kimya miezi. Halafu siku moja mpini wa mtungi ukakatika njiani, maji yakamwagika, na mtu mzima akaketi chini akalia kama mtoto. Hakuwa analilia lita 20 za maji. Msiba mkubwa hauna uso wa kukemewa. Huwezi kusimama mlangoni ukaugombeza mwaka 2008. Lakini mbuzi yupo hapa, na mwenye mbuzi yupo, na jina lake unalijua. Basi uchungu wote uliokosa mahali pa kwenda unamwendea yeye.

Hata wana wa Israeli ndivyo walivyokuwa. Soma Hesabu sura ya 11. Watu waliotoka utumwani, waliovuka bahari, wakalia jangwani kwa ajili ya matango, matikiti na vitunguu. Mhubiri mmoja mmoja huwacheka. Mimi siwacheki, maana najua watu waliolilia chai ya maziwa.

Sasa nataka niwarudishe Mulanda. Familia nyingi zinazosoma gazeti hili zilipitia huko, na watoto waliozaliwa baadaye wamelisikia jina hilo bila kuelezwa vizuri. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na moto ukawaka usiku uleule. Maelfu wakavuka mpaka kwa Busia na Malaba, wengine kwa miguu, wengine juu ya baiskeli za boda-boda, zile zile zilizopata jina lao katika mpaka huo kwa sababu ya kubeba watu kutoka boda moja hadi nyingine. Serikali ya Uganda, UNHCR na Msalaba Mwekundu wakawapokea, na kambi ya muda ikawekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, katika nchi ya Wajopadhola. Tulikaa hapo katika mahema mpaka mwaka uleule wa 2008 tulipoanza kuhamishiwa Kiryandongo.

Hema halina ukuta. Anayekoroma hema la tatu unamsikia. Mtoto wa jirani akikohoa unaamka wewe. Ugomvi wa mume na mke unasikika na kila mtu, na asubuhi wote mnajifanya hamkusikia. Mvua ikinyesha, mfereji uliochimba ili kuokoa godoro lako unapeleka maji kwenye godoro la mwenzako. Kamba ya kuanikia nguo ni moja. Wahenga walisema vikombe vikiwa pamoja havikosi kugongana, na sisi tulikuwa vikombe vingi kwenye sinia moja.

Kugongana huko hakukuniogopesha. Niliogopa kitu kingine nilichokisikia pale, ambacho nakisikia tena siku hizi. Mama akiudhika na mwenzake kisimani, siku ya kwanza husema, "Yule Mama Fulani amenipita kwenye foleni." Siku ya pili husema, "Yule mama ana tabia ya kupita watu." Siku ya tatu husema, "Wale watu ndivyo walivyo." Angalieni safari hiyo. Foleni ni ileile, mtungi ni uleule. Lakini neno moja limebadilika: *yule* amekuwa *wale*. Hapo kero imepewa kabila, na kero iliyopewa kabila haibaki ndogo tena.

Ninyi mnaotoka Kenya mnajua ninachosema, kwa sababu sisi wenyewe tuliitwa kwa majina ya vitu vidogo. Katika Bonde la Ufa watu walisema kwamba kuna *madoadoa* ya kuondolewa na *kwekwe* za kung'olewa. Doa ni kitu gani? Ni tone la mchuzi kwenye shati jeupe. Kwekwe ni nini? Ni nyasi iliyoota mahali ambapo hukuipanda. Hakuna mtu anayemwogopa Mungu kwa sababu ya kufua shati au kupalilia shamba. Ndiyo sababu maneno hayo yalichaguliwa. Rwanda mwaka 1994 watu waliitwa mende. Mende ni mdudu wa jikoni, unamkanyaga na kuendelea kupika. Shetani hakuja na maneno makubwa. Alichukua maneno ya mama wa nyumbani na ya mkulima, yale ya kero za kila siku, akayabandika juu ya binadamu.

Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto, na ndani yake walikuwemo wanawake na watoto waliokimbilia humo. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu zaidi ya 1,100 waliokufa katika vurugu zile nchini kote. Siandiki haya ili kufungua vidonda. Wengine wenu mlikuwa karibu na moto huo kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu maneno yale hayajafa. Mwaka 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ililazimika kuliweka *madoadoa* katika orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa Agosti. Yalikuwa bado yanatumika majukwaani, miaka kumi na minne baadaye.

Basi mtu akiandika kwenye kikaratasi "Bwana, niondolee jirani", nacheka, halafu nanyamaza. Na sisi tulikuwa majirani ambao mtu fulani aliomba tuondolewe.

Tusome sasa Mathayo 13. Mtu alipanda mbegu njema. Usiku adui akaja akapanda magugu katikati ya ngano. Watumishi walipoyaona wakamwendea bwana wao wakiwa na hamu ya kazi, wakataka ruhusa ya kwenda kung'oa. Yeye akakataa. Sababu yake ilikuwa ya mkulima: mtang'oa na ngano pamoja nayo. Viacheni vikue pamoja mpaka mavuno.

Aliyelima wimbi upande wa Tororo na Busia hahitaji mhubiri wa kumweleza fumbo hili. Kuna nyasi inayoota katikati ya wimbi na ikiwa changa inafanana nalo kabisa. Mtoto ukimtuma kupalilia atakurudishia mkono umejaa wimbi. Hata mama mwenye macho makali husubiri. Tena kuna *kayongo*, kama Wajaluo wanavyoliita, lile gugu lenye maua ya zambarau ambalo mizizi yake inashika mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kunyonya huko. Ukilitazama juu unaona mimea miwili imesimama mbalimbali. Chini wamefungamana.

Bwana Yesu hakusema magugu ni mazuri. Wala hakusema hayaudhi. Alisema tu kwamba kazi ya kung'oa si ya watumishi, na alipofafanua fumbo hilo baadaye katika sura ileile aliwapa wavunaji wengine kazi hiyo, yaani malaika, mwisho wa dunia. Watumishi walikuwa na bidii, na hawakuwa na macho. Mimi nimeshuhudia watumishi wa namna hiyo wakiwa na mapanga, na wengi wao Jumapili iliyotangulia walikuwa kanisani.

Lakini mtu atauliza: je, tuvumilie kila kitu? Mbuzi ale, foleni ivurugwe, tuseme amina? Hapana. Ndipo napenda sana sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, ambayo nadhani iliandikwa kwa ajili ya makazi ya wakimbizi.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na mgao wa chakula kila siku. Watu walikuwa wengi na walitoka pande mbalimbali, wengine wakisema Kiebrania, wengine Kiyunani. Manung'uniko yakaanza: wajane wa wale wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao. Tazameni, ni jambo la foleni. Ni nani alipewa bakuli na nani aliambiwa kimekwisha. Na tayari lilikuwa na kabila ndani yake. Kanisa lingeweza kufia hapo, mwanzoni kabisa, kwa ajili ya bakuli.

Mitume wangeweza kusema, "Acheni manung'uniko, Bwana hapendi manung'uniko." Viongozi wengi wa dini tungesema hivyo, maana ni rahisi na kunaonekana kwa kiroho. Wao walikusanya watu wote, wakakubali kwamba kazi imewazidi, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Someni majina yao polepole: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Kanisa zima lilichagua watu wenye majina ya upande ule uliolalamika, likawapa meza. Waliosahauliwa wakapewa kijiko cha kugawia. Luka anamaliza kwa kusema kwamba neno la Mungu lilienea na wanafunzi wakaongezeka. Walioongezeka waliongezeka baada ya mgao kutengenezwa, jambo ambalo wahubiri wa mikutano ya hadhara wangelifikiria.

Kwa hiyo si kila kero ni ndogo. Mjane akirukwa kwenye mgao hiyo ni haki iliyovunjwa, na asiambiwe avumilie. Tangu mwaka 2020 mgao wa WFP hapa Uganda umepunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2023 familia zikagawanywa katika makundi matatu kulingana na uhitaji, kundi la tatu likakosa kabisa. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa makundi tofauti. Anayepokea anapika, asiyepokea ananusa. Msimwambie huyo wa pili kwamba ana roho ya manung'uniko. Msaidieni kuandika rufaa yake, mpelekeni kwa wanaohusika. Na wewe unayepokea usimhukumu anaponyamaza unapomsalimia. Lakini na yeye asiseme, "Ni wale wanaopewa." Aliyepanga makundi hayo si jirani, wala kabila la jirani.

Hapa Kiryandongo siku hizi tuko mataifa mengi: Wakenya, ndugu wa Sudan Kusini, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, na tangu mwaka 2023 waliokimbia vita vya Sudan. Kila taifa limekuja na jogoo wake. Wengine wanaomba kwa sauti, wengine kimya. Wengine wanakaa nje mpaka usiku wa manane kwa sababu walikotoka kuna joto, na wenzao wanalala na kuku. Kama safari ile ya *yule* hadi *wale* ilifanyika Mulanda kati ya watu waliotoka nchi moja, itakuwaje kwetu ambao hata salamu hatujui za wenzetu?

Naomba tukumbuke pia jinsi tulivyokuwa kero kwa wengine. Mulanda palikuwa na wenyeji kabla ya mahema. Foleni ya maji ilikuwa yao na tukairefusha. Kuni zilikuwa za vichaka vyao na tukazimaliza. Tulizungumza Kiswahili kwa sauti, katika nchi ambayo kwa wazee wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Amin na ya wezi wa usiku. Mtoto wetu akiita mama yake, bibi kizee wa Kijopadhola alishtuka. Wangekuwa na haki ya kutuita madoa. Wako walionung'unika, nao wasilaumiwe. Lakini wako waliosogeza mitungi yao wakaweka wetu, wakatuonyesha kwa vidole namna ya kusema asante kwa lugha yao, wakatucheka tulivyoisema vibaya. Sikujua majina ya wote. Mungu anayajua.

Sasa nakuja kwa walioandika vikaratasi, maana hamkuniandikia mpate historia.

Mwenye jogoo hajui kwamba jogoo wake anakusumbua. Umewaambia watu wanane, umemwambia na Mungu, hujamwambia yeye. Mathayo 18 mstari wa 15 unakutuma kwake kwanza, ninyi wawili peke yenu. Wengi tunauruka mstari huo tunaanza na mashahidi. Nenda mchana, usiende usiku ukiwa na hasira na tochi. Msalimie kwanza, uliza habari za watoto, kaa ukipewa kiti. Halafu sema jambo moja, la jana, la jogoo. Usimwongezee ya mwaka juzi. Wala usitaje kwao. Ukishasema "nyinyi watu", rudi nyumbani, mazungumzo yamekwisha hata kama bado mnaongea. Kama hamwelewani lugha, mchukue mtoto wa shule atafsiri. Watoto wetu wanasikilizana kuliko sisi.

Ukiambiwa wewe, usiulize, "Nani amekutuma?" Na usilipize kwa kumtafutia yeye kosa lake. Mfunike jogoo kwa kikapu kikubwa usiku, atanyamaza. Nimeona likifanyika.

Kuhusu kisima, si haki mtungi usio na mtu ukae mbele ya mtu mwenye mtungi. Hilo si la maombi, ni la kamati ya maji. Nashauri tujifunze kwa mitume: katika kamati hiyo waingie akina mama wa upande unaolalamika zaidi, hata kama ni wapya na hawajui Kiswahili.

Moshi siwezi kuwasaidia. Mvua ikiisha, kuni zitakauka.

Na yule aliyeandika "niondolee jirani", kama unasoma hapa, njoo tuzungumze. Sitakuuliza mbele za watu. Huenda jirani huyo amekutendea jambo ambalo si kero hata kidogo, na maneno matatu ndiyo yote uliyoweza kuandika. Wazee wetu wa kanisa, akina mama na akina baba, wako tayari kusikiliza, na kama ni jambo la polisi au la usalama wa watoto, watakusindikiza mpaka mahali panapohusika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuna nyufa ambazo mtu hapaswi kuziziba peke yake.

Nimalizie na kikaratasi kilichotuhusu sisi. Kilitoka kwa mtu asiyeshiriki kanisa letu, ambaye nyumba yake iko nyuma ya jengo la ibada. Alimpa mtoto wake akilete. Aliandika kwamba ana mtoto mchanga, na kwamba usiku wa kesha hawalali, wala yeye hajui tunaomba nini maana spika inakoroma. Wazee wamekutana na wamekubaliana. Kesha la mwisho wa mwezi litafanyika kama kawaida kuanzia saa mbili usiku. Spika itazimwa saa nne. Baada ya hapo tutaimba kwa midomo yetu, madirisha ya upande wa nyuma yakiwa yamefungwa. Anayekuja aje na blanketi.